Huduma ya wakili katika maombi ya kusimamisha kukaziwa hukumu: tathmini ya mteja wa Tanga

Nilifika katika ofisi hiyo ndogo ya uwakili hapa Tanga nikiwa na notisi ya dalali wa mahakama, yaani mtu anayepewa kazi ya kukazia (kutekeleza) hukumu, mkononi, na alama nyekundu ya X ikiwa imekwisha kupakwa kwenye ukuta wa nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilikuwa limeamua kwamba tuikabidhi nyumba hiyo na kulipa fidia ya shilingi milioni 12. Rufani nilikuwa nimeshaikata Mahakama Kuu ndani ya siku 45 zinazotakiwa na sheria, nikaamini kwamba kwa kufanya hivyo nimekwisha kujikinga.

Wakili, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliisoma notisi mara mbili kisha akaniambia: "Mzee wangu, rufani haimzuii dalali. Kinachomzuia ni amri." Alinifungulia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 39, Kanuni ya 5, akanionyesha kwa kidole mahali inaposema kwamba kukata rufani peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu, isipokuwa mahakama ikiamuru hivyo kwa sababu za kutosha. Maelezo hayo yalichukua dakika kumi, wala hakunitoza chochote kwa ajili yake. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza la kuisifia ofisi hii, kwa kuwa naamini watu wengi hupoteza nyumba wakiwa na nakala ya rufani kabatini.

Masharti aliyonieleza ni matatu: mwombaji aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa utekelezaji ukiendelea, awe ameomba bila kuchelewa isivyostahili, na atoe dhamana ya kutimiza hukumu endapo atashindwa. La kuchelewa tulilimaliza upesi, kwa sababu nilifika kwake siku mbili tu baada ya kupokea notisi.

Kazi yake niliiona hasa kwenye sharti la hasara. Katika rasimu ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu huyaapia, niliyompelekea nilikuwa nimeandika kwamba "nitapata hasara isiyofidika". Aliyakata maneno hayo kwa kalamu, akaanza kuniuliza: nyumba ina vyumba vingapi, nani analala humo, mshindi wa kesi ana mpango wa kuivunja au kuiuza, na ikiuzwa kwa mtu wa tatu tutaipataje tena tukishinda rufani? Kwa upande wa fedha aliuliza swali ambalo sikulitarajia, yaani kama mshindi ana uwezo wa kuturudishia hizo milioni 12 iwapo uamuzi utatenguliwa. Kiapo kilichotoka hapo kilikuwa na kurasa nne za mambo yanayoweza kuthibitishwa, pamoja na picha za nyumba, tena kwa Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya mahakama tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Mama yangu, mwenye miaka 74, aliweza kukisoma mwenyewe kabla ya kuapa cha kwake.

Kuhusu dhamana, nilidhani lazima nilete fedha taslimu siku ileile. Wakili alinieleza kwamba Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mantrac Tanzania la mwaka 2010, ilikubali kwamba ahadi thabiti ya kutoa dhamana inaweza kutosha ili amri itolewe, mradi mahakama iweke muda wa kuitimiza. Tuliahidi hati miliki ya kiwanja cha baba mdogo, naye akaweka saini akiwa ameelezwa wazi kwamba kiwanja chake kinaweza kuuzwa tukishindwa.

Maombi yalipelekwa mahakamani pamoja na hati ya dharura, inayoomba yasikilizwe haraka. Jaji alitoa kwanza amri ya muda ya upande mmoja ya kusimamisha utekelezaji, kisha akasikiliza pande zote mbili na kuruhusu zuio hadi rufani itakapoamuliwa. Siku hiyohiyo karani wa ofisi alipanda bodaboda kumpelekea dalali nakala ya amri na kurudi na saini ya mapokezi. Naliona hili kuwa jambo kubwa, kwa sababu nyumba ikishabomolewa hakuna kinachobaki cha kusimamishwa, na maombi huwa yamepitwa na wakati.

Dosari ipo, na ni ya gharama. Tulikubaliana ada ya kuandaa na kuyasimamia maombi, lakini gharama za viapo, nakala na kupeleka nyaraka kwa upande wa pili ziliongezwa baadaye, kila moja kwa mdomo. Hazikuwa kubwa, ila mtu ambaye yuko hatarini kuhamishwa kwenye nyumba yake anastahili kupewa hesabu nzima kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.

Ningewapa nne kati ya tano. Anayetaka kuwaendea achukue nakala ya hukumu na tuzo (hati inayotaja kwa ufupi kilichoamriwa), nakala ya rufani iliyogongwa muhuri, notisi ya dalali, na jina la mtu aliye tayari kuweka mali yake dhamana. Tena aende siku ileile notisi inapobandikwa mlangoni.