Gari liligoma kuwaka, nikanunua betri na stata bure, hadi nilipompata fundi wa Mbauda

Shilingi 320,000 zilinitoka kabla mtu yeyote hajaweka mita ya kupima umeme kwenye gari langu. Fundi wa kwanza kupima alinitoza 25,000, na tangu siku hiyo nikizungusha ufunguo gari linawaka palepale. Naandika kwa ajili ya yeyote wa Arusha anayeamka asubuhi na kukuta gari limegoma, hasa dada zangu, maana tunapoingia gereji wengi huamua ugonjwa wa gari kwa kututazama usoni.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, naishi Sakina. Lilianza mwezi wa 6, baridi ilipokaza. Ukiweka swichi, taa zote za dashibodi zinawaka vizuri. Ukizungusha ufunguo, unasikia "ta!" moja tu chini ya boneti, kisha kimya. Mara ya tatu au ya nne linawaka kama halikuwa na tatizo. Baada ya wiki ikawa mara kumi, halafu siku moja likagoma kabisa. Ni otomatiki, kwa hiyo hata vijana wa mtaani wakijitolea kusukuma, haliwaki.

Jirani yangu akaja na waya za kubusti. Ule mwekundu akaubana kwenye chanya ya betri yangu, mweusi akaubana kwenye chuma cha injini. Likawaka mara moja. "Betri imekufa hiyo, dada," akasema, na mimi nikaamini. Nani asingeamini? Naomba ukumbuke tu ule waya mweusi ulibanwa wapi.

Gereji ya kwanza wakaniuzia betri mpya, 150,000. Hawakupima ya zamani, na wala sikujua kwamba ingepaswa kupimwa. Nikaendesha kwa raha wiki tatu, kisha ile "ta!" ikarudi. Gereji ya pili, kijana alisikiliza mara moja akasema stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekwisha kaboni zinazopitisha umeme ndani yake. Stata ya mtumba 140,000, ufundi 30,000. Alifungua, akafunga nyingine, likawaka, nikamshukuru. Siku ya nne niko maegesho ya soko la Kilombero na mboga zangu mkononi, gari halizungushi.

Kilichoniuma si fedha peke yake. Mama yangu alikuwa na kliniki ya macho KCMC, Moshi, wiki iliyofuata, na nilikuwa nimeshamwahidi kumpeleka. Kilomita karibu 80 kwenda, 80 kurudi, na gari ambalo naogopa kulizima.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza Mbauda kwa mzee mmoja wa umeme wa magari. Jina lake siliweki hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Ana kibanda cha mabati, meza ya mbao na mti wa kivuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Linasumbua nini?"

Hakufungua boneti. Aliuliza kwanza. Mlio ni mmoja au ni mingi ya harakaharaka? Taa zinafifia ukizungusha ufunguo? Linasumbua zaidi asubuhi au hata likiwa la moto? Nilipomjibu, alinieleza jambo ambalo ningetamani ningelijua tangu mwezi wa 6. Mlio mwingi wa "tatatata" na taa zinazofifia, mara nyingi betri haina nguvu. Mlio mmoja huku taa zinang'aa vilevile, umeme upo ila haufiki unakotakiwa, kwa hiyo unaangalia stata na waya zake. Kama hakuna mlio wowote kwenye otomatiki, peleka gia kwenye N ujaribu tena, kwani swichi ya gia nayo huharibika. Na kama stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, hapo achana na betri, tafuta mafuta au moto wa plagi.

Kisha akatoa mita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akaniambia nizungushe ufunguo huku yeye ameshika nyaya za mita kwenye vichwa vya betri. "Ta!" Mita ikasoma 12.3. Akaniita nije nione mwenyewe. Stata inapovuta hasa, betri lazima ishuke, hata volti 10 na kitu ni kawaida. Hii haikushuka, maana yake hakuna kinachovutwa.

Halafu akafanya kipimo ambacho sikuwahi kukiona. Waya mmoja wa mita akauweka kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. Nikazungusha. Volti 5 na ushee. Kati ya sehemu hizo mbili, alisema, haipaswi kufika hata nusu volti, kwa sababu zimeunganishwa na waya mnene wa athi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi hasi ya betri. Umeme ulikuwa unapotelea ndani ya waya huo.

Akaingiza mkono chini ya betri, akafungua nati inayoushika waya huo kwenye giaboksi, akautoa. Kwa nje gamba jeusi zima kabisa. Alipolichana kwa kisu, shaba ya ndani ilikuwa imeota ukungu wa kijani na nyuzi nyingi zimekatika.

Hapo ndipo yote yalipoingia kichwani. Jirani alipobana waya mweusi kwenye injini, bila kujua aliupita ule waya mbovu, ndiyo maana gari liliwaka. Na kila fundi aliyefungua betri aliutikisa, zile nyuzi chache zikagusana vizuri kwa siku kadhaa, kila mmoja akaonekana ametibu. Sidhani wote wawili walikusudia kuniibia. Wa gereji ya kwanza namsamehe, alidanganyika kama nilivyodanganyika mimi. Wa pili simsamehe, na sababu yake inakuja.

Mzee alikata kipande cha waya wa kuchomelea, akaufunga vichwa vipya vya shaba, akavibana na kuvitia risasi. Pale kwenye giaboksi alipiga msasa mpaka chuma kikameta, akakaza, akapaka grisi. Akapima tena: chini ya nusu volti. Injini ikiwa inawaka alipima na chaji ya oltaneta, 14.1, akasema hiyo nayo ni nzima. 25,000, waya na ufundi pamoja. Nilitaka kumwongezea, akakataa.

Kisha akaniuliza, "Ile stata yako ya kwanza iko wapi?" Sikuwa nayo. Sikuwa nimeiomba. "Kifaa kilichotoka kwenye gari lako ni mali yako, mama. Nenda kakichukue." Nilirudi gereji ya pili siku hiyohiyo. Kijana alizungukazunguka, mara imeuzwa chuma chakavu, mara bosi hayupo. Nilikaa pale saa nzima mpaka ikatolewa ndani ya kabati, imeshasafishwa na kupigwa brashi. Nilipoirudisha Mbauda, mzee aliibana kwenye jiliwa la meza, akaiunganisha na betri, ikazunguka kwa nguvu. Akaifungua mbele yangu: kaboni zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Nilitetemeka kwa hasira, kusema kweli.

Kwa upande wa kasoro, usiende kwake ukiwa na haraka. Anashika gari moja hadi limalize, na siku ile nilisubiri tangu saa tatu hadi saa saba mchana. Hana viti vya kutosha, hatoi risiti, na Jumamosi hafungui kwa sababu ni Msabato. Mambo ya injini na giaboksi hagusi, atakuelekeza kwa mwingine. Pia anaongea kwa sauti ya chini sana, itabidi usogee karibu ili ufaidike.

Alhamisi nilimchukua mama saa kumi na moja alfajiri. Tengeru, Usa River, Kikatiti, mlima ukaanza kuonekana tulipokaribia njia panda ya KIA. Boma Ng'ombe niliingia kituo cha mafuta. Kwa wiki nyingi nilikuwa najaza injini ikiwa inaunguruma na wahudumu wakinigombeza, na walikuwa na haki. Safari hii nilizima. Mama akaniangalia. Kijana alipomaliza kufunga kifuniko cha tangi nikazungusha ufunguo, likawaka, na mama akasema, "Haya, twende, tusichelewe namba."