Kutoka DVD kwenda Blu-ray: nunua deki kwanza, diski baadaye

Mwenye rafu ya DVD mia mbili anayetaka picha safi zaidi ya diski za Blu-ray hahitaji kununua Blu-ray mia mbili. Anachohitaji kwanza ni deki moja ya Blu-ray iliyo nzima na waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti za kidijitali hadi kwenye televisheni, kisha aichambue rafu yake filamu moja moja. Zipo ambazo zikibadilishwa utadhani ni filamu nyingine kabisa. Zipo ambazo hazitaongeza hata ukope mmoja usoni mwa mwigizaji. Na zipo, si chache, ambazo toleo lake la HD, yaani la ubora wa juu wa picha, linaudhi kuliko DVD uliyonayo.

Picha ya DVD ina pikseli 720 kwa 576 katika mfumo wa televisheni wa PAL, unaotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, au 720 kwa 480 katika NTSC, mfumo wa Marekani na Japani. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina 1920 kwa 1080: pikseli 2,073,600, mara tano ya PAL na mara sita ya NTSC. Hiyo ndiyo hesabu inayopambwa kwenye kasha, lakini iliyo muhimu vilevile ni nafasi. DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, na video yake hairuhusiwi kupita megabiti 9.8 kwa sekunde, tena kwa mbano wa zamani wa MPEG-2. Blu-ray ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 50, video yake inaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde, na nyingi hutumia H.264 ambayo hubana vizuri zaidi. Ndiyo maana tofauti haionekani sana kwenye uso uliotulia mchana. Tazama moshi, maji yanayochafuka, umati unaokimbia au chumba chenye mshumaa mmoja: hapo DVD huvunjika vimiraba na weusi wake hujaa chenga, wakati Blu-ray hubaki imara.

Macho yatayaona yote hayo au hayatayaona kulingana na unapokaa. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban moja ya sitini ya digrii. Ukiipeleka hesabu hiyo sebuleni unapata kanuni mbili. Zidisha inchi za televisheni kwa sentimita 4: ndani ya umbali huo mistari yote 1080 ya Blu-ray inaonekana. Zidisha kwa sentimita 7.5: ukikaa mbali zaidi ya hapo, DVD ya PAL iliyotengenezwa vizuri inaikaribia Blu-ray kwa ukali wa picha, ingawa si kwa usafi wa moshi na giza. Kwa televisheni ya inchi 40 vipimo hivyo ni mita 1.6 na mita 3. Kwa inchi 55 ni mita 2.2 na kama mita 4.1. Mwenye inchi 32 anayekaa mita tatu kutoka kwenye kioo asijisumbue. Pesa hiyo akinunulia televisheni kubwa, au akisogeza kochi bure, atafaidi zaidi. Pima kutoka machoni, si kutoka kwenye miguu ya kochi.

Baada ya umbali, swali kubwa ni filamu ilipigwa kwa kutumia kitu gani. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu hudhani filamu ya zamani haiwezi kuwa safi. Ukweli mara nyingi ni kinyume. Negativu ya milimita 35 ya miaka ya 1950, yaani utepe wa filamu uliopita ndani ya kamera, ikiwa ilitunzwa, ina undani unaoizidi DVD kwa mbali sana. Ikiskaniwa upya inatoa Blu-ray yenye nyuzi za shati na vumbi la barabarani. Tamthilia iliyorekodiwa kwa kanda ya video miaka ya 1990, kwa upande mwingine, ina mistari 480 au 576 tu na hakuna mashine itakayoipa zaidi. "HD" iliyoandikwa kwenye kasha lake ni picha ileile iliyovutwa.

Katikati ya hizo mbili kuna kisa cha tamthilia ya televisheni Star Trek: The Next Generation. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, lakini ikahaririwa na kuwekewa madoido kwenye kanda za video, hivyo nakala kamili pekee iliyokuwepo ilikuwa ya ubora wa video. Ili kutoa Blu-ray zake kuanzia mwaka 2012, ilibidi negativu ziskaniwe, vipindi vihaririwe upya shoti kwa shoti, na madoido yaunganishwe upya. Kazi kama hiyo hufanyiwa tamthilia chache mno, kwa hiyo usidhani kila ya zama zile imepata bahati hiyo. Mfano wa upande wa pili ni 28 Days Later ya mwaka 2002, iliyopigwa sehemu kubwa kwa kamera ya Canon XL1 inayotumia kanda ndogo ya video iitwayo miniDV. DVD yake tayari inaonyesha karibu kila kilichopo. Blu-ray inaupendelea zaidi mwisho wa filamu, uliopigwa kwa milimita 35.

Katuni nazo zina mgawanyo huo. Zilizochorwa kwa mkono na kupigwa picha kwenye filamu huskaniwa upya na kupendeza sana, na zile za kompyuta zilizotengenezewa sinema huenda ndizo zinazong'ara kuliko zote. Katuni za televisheni zilizopakwa rangi kwa kompyuta na kuhifadhiwa katika ubora wa kawaida zimekwama hapo.

Kama unatafuta pa kuanzia, anza na DVD ambazo picha yake huelea katikati ya televisheni pana ikiwa na weusi pande zote nne. Hizo ni za miaka ya mwanzo, zilizotengenezewa televisheni za mraba. Filamu pana ya uwiano wa 2.35 kwenye diski ya NTSC ya namna hiyo inatumia mistari kama 272 tu kati ya 480. Diski iliyotengenezewa televisheni pana inatumia 363. Ukibonyeza kukuza kwenye rimoti unakuza upungufu. Kundi la pili ni DVD za PAL za filamu unazozipenda kwa muziki wake. Sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde, PAL huzicheza 25, kwa hiyo filamu ya dakika 120 huisha kwa dakika 115 na, isiporekebishwa, sauti hupanda karibu nusu toni. Blu-ray nyingi huzicheza fremu 24 kama zilivyo. Mwenye sikio la muziki hushtukia dakika ya kwanza.

Sasa hizo zinazoudhi. Studio nyingi, hasa katika miaka mitano ya kwanza ya Blu-ray, zilichukua skani ya zamani iliyotengenezewa DVD, zikafuta chembechembe za filamu kwa programu, halafu zikaongeza ukali wa bandia. Chembechembe zile ndizo picha yenyewe. Ukizifuta unafuta na vinyweleo vya ngozi. Toleo la Predator la mwaka 2010 ni mfano unaotajwa hadi leo: nyuso zimekuwa nta. Gladiator ya 2009 ilikosolewa kiasi cha kutolewa upya mwaka uliofuata ikiwa na skani nyingine, na makasha ya matoleo hayo mawili yanaweza kukuchanganya. Kabla ya kulipa, tafuta picha za kulinganisha za toleo hilo hasa, si za filamu kwa jumla. Angalia nywele kwenye mwanga wa nyuma, kitambaa cha koti, na ukingo wa paa dhidi ya anga. Ukiona mstari mweupe umelizunguka paa, huo ni ukali wa bandia. Ukiona punje ndogo zinazochezacheza angani, hiyo ni filamu, usiilaumu diski. Kwa tamthilia za picha ya mraba hakikisha hazikukatwa juu na chini ili zijaze televisheni pana. Hilo hufanyika, na vichwa vya watu ndivyo hulipa.

Deki yenyewe haina mambo mengi. Karibu zote hucheza DVD pia, na huzivuta hadi 1080 vizuri kuliko deki nyingi za DVD za bei ya chini. Ndiyo sababu ya kuinunua kwanza: cheza DVD zako humo wiki mbili, na baadhi utaziondoa mwenyewe kwenye orodha ya kununua. Kabla ya kuhukumu, ingia kwenye menyu ya televisheni. Chagua hali ya sinema, shusha ukali wa bandia hadi sifuri au karibu na hapo, zima ulainishaji wa mwendo unaogeuza kila filamu kuwa kama video ya harusi, na chagua ukubwa wa picha usiokata kingo. Kwenye deki washa utoaji wa fremu 24. Wapo wanaohukumu Blu-ray bila kugusa mipangilio hii, kisha wakaona heri wangebaki na DVD.

Lazima iwe HDMI. Deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 hazitoi Blu-ray zilizofungwa kwa kinga ya kunakili kwa ubora wa HD kupitia nyaya za analogi, na zilizotengenezwa baada ya 2013 hazizitoi kwa analogi kabisa, kwa hiyo televisheni ya zamani isiyo na tundu la HDMI haifai. Kwa 1080 waya wowote wa HDMI wa kawaida ulio mzima unatosha. Usikubali kuuziwa wa dhahabu. Mwenye PlayStation 3, au PlayStation 4, tayari ana deki ndani ya nyumba. Angalia pia kanda za dunia, yaani maeneo ambayo diski na deki hufungiwa: DVD zina namba 1 hadi 6, Blu-ray zina herufi A, B na C, na deki iliyofunguliwa kwa DVD si lazima iwe imefunguliwa kwa Blu-ray. Diski mpya zikigoma kufunguka wakati za zamani zinacheza, tatizo mara nyingi ni programu ya deki iliyopitwa na wakati. Pakua toleo jipya kwenye tovuti ya mtengenezaji, liweke kwenye flashi, na usizime umeme hadi kazi iishe.

Ukinunua diski zilizotumika, kuna mtego mmoja mkongwe: HD DVD. Ni diski nyingine kabisa, nyingi zikiwa kwenye kasha jekundu, na Toshiba iliachana nayo Februari 2008. Deki ya Blu-ray haiisomi. Halafu geuza diski juani. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ilhali ya DVD iko milimita 0.6. Ngozi yake ngumu huzuia mikwaruzo midogo, ila ukikuta mtaro unaoshika ukucha iache. Mashine za kusugua diski zilizookoa DVD nyingi huiua Blu-ray, na dawa ya meno ndiyo usiiguse kabisa. Alama za vidole zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni.

Sauti: DVD hubeba sauti iliyobanwa ya Dolby Digital ya hadi kilobiti 448 kwa sekunde, Blu-ray hubeba Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio ambazo hazipotezi kitu. Kwa spika za televisheni tofauti ni ndogo mno. Kwa amplifaya na spika tano ipo, mradi ipite kwenye HDMI. Waya wa mwanga hauwezi kubeba sauti hizo na utakupa ile iliyobanwa.

Vipi kuruka moja kwa moja hadi Ultra HD Blu-ray? Zilitoka 2016, pikseli 3840 kwa 2160, hazina kanda za dunia. Kwa inchi 55 ungelazimika kukaa kama mita 1.1 ili kuuona undani wote, kwa hiyo kinachonunuliwa hasa ni HDR, yaani mwanga na rangi, na televisheni dhaifu haitakuonyesha hilo. Filamu nyingi za miaka ya 2000 zilikamilishwa kwa 2K, yaani upana wa pikseli kama 2,000, hivyo 4K yake (ubora wa Ultra HD) ni ya kuvutwa. PlayStation 4 haichezi diski hizi. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski na Xbox Series X zinacheza. Chukua deki ya namna hii ikiwa bei haijapishana sana, maana inacheza DVD, Blu-ray na Ultra HD zote tatu. Usiahirishe sana pia: kampuni ya Oppo iliacha kutengeneza deki mwaka 2018, na watengenezaji waliobaki wanapungua.

Kuzigeuza DVD zako kuwa mafaili ya 1080 kwa programu ni kupoteza umeme. Faili litakua, undani hautaongezeka. Televisheni hufanya kazi hiyohiyo bure kila unapocheza. Ukiruhusiwa na sheria ya ulipo kunakili diski zako, nakili ilivyo, na utenge gigabaiti kama 30 kwa kila Blu-ray: filamu mia ni terabaiti 3, na nakala ya akiba ni terabaiti 3 nyingine. Filamu za mtandaoni zenye 1080 mara nyingi hupita kwenye megabiti 5 au zaidi kidogo kwa sekunde. Kwa filamu ya kutazama mara moja inatosha kabisa.

Toleo jipya likifika, usiigawe DVD yake siku hiyohiyo. Linganisha kwanza migongo ya makasha, kisha menyu zenyewe: maelezo ya mwongozaji, vipande vilivyokatwa, sauti asilia ya mono na sabtaito za lugha yako mara nyingi huachwa nyuma. Kama vimeachwa, zihifadhi zote mbili kwenye kasha moja. Kasha la DVD ni refu na Blu-ray haitabana, ila kishikio cha pili itabidi ununue.