GitHub Desktop kwa watafsiri na waandishi: uzoefu wangu

GitHub Desktop ni programu ya kutumia Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili, kwa kubofya vitufe. Naitumia kwa kazi moja: kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili na kurekebisha maelekezo yake, pamoja na watu wasiojua kabisa kuandika amri za Git. Ni ya bure, ipo kwa Windows na macOS, na kwa kazi hiyo naipendekeza bila kusita.

Kilichonishawishi ni ukurasa wa Changes. Hariri faili, hifadhi, rudi kwenye programu: mstari wa zamani umewekwa wekundu, mpya kijani. Hapo mtafsiri anajionea mwenyewe kuwa `"save": "Hifadhi",` imepoteza mkato wake wa mwisho, au alama za nukuu zimegeuka zile zilizopinda za Word. Kosa lolote kati ya hayo linatosha kuiharibu faili ya JSON, yaani ile inayobeba maneno ya programu. Ukigusa mstari mmoja halafu faili nzima ikawaka rangi, usitume. Mara nyingi kihariri chako kimebadilisha miisho ya mistari (alama zisizoonekana za kumaliza mstari) kutoka LF kwenda CRLF. Nakili pembeni sentensi yako, bofya kulia kwenye jina la faili, chagua Discard Changes, kisha rudia kwa kihariri cha VS Code, ambayo huiacha miisho ilivyo.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza Fetch origin kuangalia kama wenzako wametuma mabadiliko mapya GitHub, tovuti inayotunza mradi. Kitufe kikigeuka Pull origin, bonyeza tena. Ukiruka hapo, utahariri mstari ambao mwenzako keshaubadilisha, na mgongano utausuluhisha kwa mkono. Fungua tawi jipya (njia ya pembeni ya kufanyia mabadiliko yako) lenye jina la kazi, mfano `tafsiri-malipo`. Jaza Summary kwa maneno machache yanayoeleweka, bonyeza Commit kuyaweka mabadiliko kwenye historia.

Wengi huishia hapo wakiamini kazi imefika. Haijafika! Bado imo ndani ya kompyuta yao. Ni Publish branch inayoipeleka, na mara zinazofuata Push origin. Kisha ndipo unafungua ombi la kuunganisha (pull request), ili kazi yako ipitiwe na kuingizwa kwenye mradi. Umekosea kabla ya kutuma? Kitufe cha Undo kiko chini kushoto.

Maelekezo yaandikwe kwa Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache za muundo. Faili ya .docx Git haiwezi kukuonyesha mstari uliobadilika, na faili inayozidi MB 100 GitHub huikataa.

Kama ni herufi moja tu iliyokosewa, usihangaike kusakinisha: ingia kwenye tovuti ya GitHub, fungua faili, bofya alama ya penseli.