Uzoefu wangu na RaceChrono: Subaru ya rali kwenye vumbi la mkonge, Tanga

Nilishatenga hela ya kubadili turbo. Kwenye kipande chetu cha mazoezi upande wa Pongwe, kilomita 3 na ushee za vumbi ndani ya shamba la mkonge (tunapita kwa ruhusa ya msimamizi), mdogo wangu alinishinda kwa sekunde 6 na gari lilelile, Impreza ya 2010. Yeye alipita saa moja asubuhi, mimi saa sita mchana. Nikaamini joto la Tanga linaiua injini. Fundi wetu akasema, "Kaka, hela hiyo iweke kwanza. Tupime."

Tulipimia RaceChrono, programu ya simu ya kurekodi muda na mwendo wa gari, toleo la Pro la kulipia, kwenye simu ya kawaida ya Android. Simu peke yake haitoshi. GPS ya simu nyingi husoma mara 1 kwa sekunde, na ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 katika sekunde hiyo. Kona nzima inaweza kupita kati ya nukta mbili. Kwa hiyo tukabandika juu ya paa kipokezi cha GPS kinachosoma mara 10 kwa sekunde, na chini ya usukani tukachomeka kifaa cha bluetooth cha OBD-II, yaani mfumo wa kusoma vipimo kutoka kompyuta ya gari. Kifaa cha kwanza, cha bei ya chini kabisa, kilikata mawasiliano kila gari liliporukaruka. Siku nzima ikapotea. Na usichague kusoma kila kitu: ukiomba vipimo vingi, kila kimoja kinachelewa. Sisi tulibaki na raundi za injini, eksileta na joto la maji. Breki unaiona kwenye mstari wa mwendo unavyoporomoka.

Wenye Subaru za zamani za soko la Japani, hakikisheni kwanza gari linakubali OBD-II. Mengi hayakubali, ingawa GPS peke yake bado inasaidia sana.

Jioni tukalaza mbio za mdogo wangu na zangu kwenye grafu moja, kwa umbali, si kwa muda, ili kona ikae chini ya kona. Joto la maji: nyuzi 93 kwake, 95 kwangu. Kwenye sehemu zilizonyooka mistari ya mwendo ililaliana kabisa. Injini haina tatizo.

Sekunde zangu nyingi zilipotea kwenye kona ya kulia baada ya kalavati, na nyingine mbili zinazofanana nayo. Nilifunga breki mita 40 kabla ya pale alipofunga yeye. Halafu, na hili ndilo lililoniuma, kwa zaidi ya sekunde moja eksileta ilisoma sifuri huku mwendo ukishuka polepole tu. Breki nimeachia, mafuta sijakanyaga. Miaka 4 nimepita pale nikiamini ninalikamua gari mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata nilichomeka bua la mkonge pembeni ya njia, mita 25 mbele ya pale nilipozoea kufunga, nikajilazimisha kulifikia. Saa sita mchana, jua lilelile. Sekunde 4 zikarudi. Hela ya turbo imeenda kwenye matairi.

Sekunde mbili zilizobaki ziko kwenye kona ya mchanga karibu na mwisho. Grafu inanionyesha mdogo wangu anaingia kwa kasi kuliko mimi, lakini hainionyeshi anavyokata usukani. Jumamosi nakaa kiti cha pembeni nimwangalie mikono.