Lucía au Dolores? Mi nina upande wangu

Kama unatafutia binti jina la Kihispania, haya mawili yako mbali sana. Lucía limetoka kwenye lux ya Kilatini, yaani nuru, na sikukuu ya Mtakatifu Lucía ni tarehe 13 Desemba. Hispania limetamba kinoma, miaka ya 2000 na 2010 ndo lilikuwa linaongoza mara kibao kwa watoto wa kike, kwa hiyo jua tu darasani atakutana na wenzake wa kutosha.

Dolores sasa, hilo zito. Maana yake ni maumivu, linatoka kwa María de los Dolores, Bikira Maria Mama wa Mateso, anayekumbukwa 15 Septemba, na leo Hispania utalisikia zaidi kwa mabibi. Ila wenye jina hili walikuwa moto jamani, kuna Dolores Ibárruri, mwanasiasa Mkomunisti wa enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania vilivyoanza 1936, kuna Dolores Huerta aliyepigania wakulima vibarua California. Halafu kifupi chake ni Lola, tamu, fupi, na siku hizi wazazi wengine wanaandikisha Lola moja kwa moja. Mi nachukua Dolores, nyumbani tunamwita Lola.