Tamasha la kambi Usa River: maji na vikombe safi, usafiri na jenereta hapana

Naona watu wanauliza kama lile tamasha la muziki na kambi la kwenye shamba la kahawa kule Usa River, Arusha, kweli linatunza mazingira au ni maneno ya kwenye tangazo tu. Jibu langu ni nusu kwa nusu, na cha ajabu baadhi ya vilivyowashinda ni vile walivyovinunua kwa bei mbaya.

Kiingilio elfu 50 ukija na hema lako, ukikodi la kwao unaongeza 30. Muziki sina neno, singeli ya Jumamosi usiku ilitutoa vumbi alafu machalii wa hip hop wa hapa Chuga wakaja kufunga kazi, ila hilo kila mtu ameshalisema.

Mi nilivutiwa na maji. Getini huingii na chupa ya maji ya plastiki, wanakagua begi kabisa, watu wakanuna wee, lakini kama umeshapanda Kilimanjaro unajua kule taka zinapimwa kwenye mzani na maisha yanaenda. Na Glastonbury ya Uingereza iliacha kuuza maji ya chupa za plastiki 2019, mwaka ule ule sisi tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, so tusiambiane haiwezekani. Shida ya huku kwetu ni kwamba ukimnyima mtu chupa huwezi ukamwambia akinge bombani, maana maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floridi ya kufa mtu, meno yetu ya kahawia mnayaona, na wapo wanaodhani ukichemsha umemaliza kumbe floridi haiendi popote, maji yanapungua yenyewe inabaki pale pale. Hawa jamaa wakaweka matenki yenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ile ile ya kupunguza floridi ambayo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameihangaikia miaka mingi, na wakabandika karatasi ya vipimo kwamba floridi yao iko chini ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndo kiwango cha WHO, shirika la afya duniani. Mtu anayebandika vipimo namheshimu. Foleni tu saa saba mchana ilikuwa ndefu, matenki yaongezwe.

Vikombe ni vya stili, unaacha elfu 3 ukirudisha unapewa hela yako. Hii ilifanya kazi kuliko mabango yao yote, maana ukisahau kikombe chini ya mti dogo mmoja ameshakiokota anakimbilia kaunta kuchukua buku tatu, asubuhi uwanja mweupe. Soda na bia za chupa za kioo, kreti zinarudi zilikotoka, kitu ambacho mama wa grosari yoyote Tengeru anafanya toka zamani bila kujiita rafiki wa mazingira. Ndizi nyama na kitimoto kwenye jani la mgomba, mtori na loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa mgando, kwenye mabakuli ya bati, mbege kwenye kata. Loshoro ya yule mama wa kona ya jikoni, aisee, mfateni.

Sasa njoo VIP. Kule stili waliona ushamba, wakaagiza vikombe vya plastiki ya mahindi vyenye kamchoro ka jani vimeandikwa vinaoza. Vinaoza ndiyo, ila kwenye mtambo wenye joto la karibu nyuzi 60 wiki kadhaa mfululizo, sio kwenye shimo la shambani. Nimeviona vimemwagwa shimo moja na majani ya mgomba, majani yatakuwa mbolea, vikombe mwenye shamba atakutana navyo kwenye jembe. Hela ya kuvisafirisha ingenunua stili za VIP nzima na chenji ikabaki.

Vyoo vya maranda, unamaliza unamwaga kopo moja la maranda basi, havinuki kabisa ukilinganisha na vile vya plastiki vya bluu vya kwenye matamasha mengine. Jumapili asubuhi maranda yakaisha na hapo sitaki kuelezea.

Umeme: sola ya steji ndogo na ya kuchajia simu ilikuwa poa, steji kubwa wakatumia jenereta la dizeli, naelewa, spika zile haziendi kwa sola ya kuungaunga. Nisichoelewa ni jenereta kunguruma hadi alfajiri pembeni ya mahema kwa ajili ya taa za kupambia miti wakati watu wamelala!

Lakini walipofeli kabisa ni usafiri, na matamasha ya hivi moshi mwingi huwa unatoka kwenye watu kwenda na kurudi, sio kwenye vikombe. Hakukuwa na Coaster hata moja ya kutoka mjini wala ya kutoka Moshi. Ukishuka lami ni bodaboda au gari yako, kwa hiyo parking ikajaa V8 zenye mtu mmoja mmoja, na waliegesha juu ya miche michanga ya kahawa mwenye shamba anaangalia tu. Alafu ile njia ya kutoka lami hadi getini imejaa vichupa vidogo vya plastiki vya pombe kali, viroba, zile pombe za vifuko vya plastiki, tulivipiga marufuku 2017 vikarudi na kifuniko. Nilimuuliza mmoja wa waandaaji akasema nje ya geti sio eneo lao. Wanaokunywa pale ni wateja wao kaka, wanamalizia ili wasinunue ndani kwa bei ya ndani.

Mkienda bebeni blanketi la maana, usiku baridi inashuka kutoka Meru na mahema ya kukodi ni mepesi kama chandarua. Mwakani wakiweka Coaster na stili hadi VIP nalipa hata elfu 70. Kwa sasa nawapa tatu kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya yule mama wa loshoro.