Ekzosi ya Subaru: ipi ununue, ipi uachane nayo

Wengi wetu tunachagua ekzosi gari likiwa limesimama gereji, fundi anakanyaga mafuta mara mbili tatu, roho inafurahi. Mimi nilijua nimekosea tulipofika Chalinze. Mwendo wa 80, mizunguko 2,500 kwa dakika, mvumo mzito umejaa ndani ya gari, mwanangu kiti cha nyuma ameziba masikio. Kwa mizunguko hiyo injini ya silinda nne huchoma mafuta takriban mara 83 kwa sekunde, na mlio mzito hivyo haupungui sana hata ukifunga vioo. Ndiyo maana hapa nazipanga kwa mvumo wa safarini.

Namba moja ni kopo la nyuma tu, yaani silensa ya mwisho, mtumba wa Japani wenye kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa silensa wa kule. Kibati hicho kinaonyesha lilitengenezwa kufuata kanuni za kelele za kule. Silensa ya kati usiiguse. Kwa gari la familia, ishia hapo.

Namba mbili ni mfumo mzima kuanzia nyuma ya masega (kisafisha moshi, "catalytic converter"), wenye silensa ya kati. Unafaa zaidi gari la turbo, kwa sababu turbo yenyewe inapunguza kelele. Kwenye gari lisilo na turbo mfumo huohuo utakuchosha. Nenda na sumaku: stenilesi ya daraja la 304, isiyoshika kutu kirahisi, hainasi, au inanasa kidogo sana.

Namba tatu ni kopo la kuchomelea mtaani. Bei yake inavutia, lakini mulika tochi ndani. Utaona bomba lenye matundu, na nyuma yake pamba ya glasi. Pamba ikiwa haba itapeperuka na moshi, na kelele itapanda mwezi hadi mwezi.

Bomba tupu lisilo na silensa silishauri kabisa. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio linasikia kelele kama mara mbili, na jirani mwenye mtoto mchanga hana pa kukimbilia.

Kama unautafuta ule mngurumo wa Subaru, ujue unatoka kwenye manifoldi (mirija inayopokea moshi kutoka kwenye injini) yenye mirija isiyolingana urefu. Legacy ya turbo iliyotoka Japani mwaka 2003 ina mirija inayolingana, hivyo kopo lolote utakaloliweka nyuma halitakupa mngurumo huo.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi afunge kwa bolti na gasketi bila kuchomelea, kisha mwende pamoja barabara kuu, vioo juu, redio imezimwa, dakika kumi kwa mwendo wako wa safari.